Mpe Salamu Nyumba Ndogo

Siku ya kuuza mabaki, duka la vitambaa huwa si duka tena bali uwanja wa mapambano. Wanawake wenye heshima zao, ambao majumbani huwafundisha watoto kusema tafadhali, huvutana mikoba na kukanyagana vidole kwa ajili ya kipande chenye doa. Shubiri aliwadharau wote. Yeye alikuwa wa kwanza kufika mlangoni, na kwapani tayari alikuwa amebana jora zima lisilo na doa.

Jina la Shubiri alipewa na mtaa, kwa ajili ya ulimi wake. Alikuwa fundi mapazia mwenye kibanda chake karibu na stendi, mrefu, mwenye maringo ya haki, na siku hiyo alivaa gauni la samawati aliloshona mwenyewe likamkaa sawasawa. Shingoni, mahali ambapo wengine huvaa mkufu, yeye alining'iniza tepu ya kupimia. Wateja walimwogopa na bado walimrudia, maana mapazia yake hayakupinda hata kwenye madirisha yaliyopinda.

Katikati ya zogo lile akaingia mwanamume aliyenyoosha mikono yote miwili mbele yake, ameitanua kama mtu aliyebeba kioo, ila kioo hakuna. Akigongwa anageuka kiubavu, mikono haishuki. Mama mmoja akainama kumpita chini, akamlaani yeye na ukoo wake.

"Kaka," Shubiri akamwambia, "umebeba nini hicho tusichokiona?"

"Dirisha."

"Dirisha?"

"La kwangu. Nimelipima kwa mikono nikatoka nalo hivi hivi. Nikishusha tu, nimelipoteza."

"Umetoka nalo wapi?"

"Mbali kidogo."

"Na barabara kuu umevukaje?"

"Nimevuka nalo. Madereva wamenitukana vizuri."

Shubiri hakuwa mtu wa kuwachekea watu asiowajua. Hata aliowajua aliwachekea kwa kipimo. Lakini kicheko kikamponyoka, kikubwa, mpaka muuzaji akageuka. Akavua tepu shingoni akapima kutoka kiganja kimoja hadi kingine. Yule bwana alinukia sabuni, na kwa mbali rangi ya ukuta. Shati lake jeupe lilipigwa pasi kwa ukali, ila kwenye kucha palibaki rangi ya njano iliyokataa kutoka. Alikuwa na macho mapole ya mtu anayetazamia kufokewa.

"Haya, shusha mikono. Upana nimeushika. Urefu je?"

Yule bwana akatazama mikono yake, akatazama sakafu. "Urefu," akasema taratibu, "nimeuacha nyumbani."

"Mungu wangu. Fundi rangi wewe, kila siku uko na madirisha, na kupima hujui?"

"Ya watu napaka tu pembeni yake. La kwangu ndilo la kwanza."

Shubiri angesikiliza neno hilo vizuri, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini alikuwa anatazama kidevu cha yule bwana. Wakapeana namba za simu kwa kisingizio cha urefu, na jioni ile simu ikalia.

"Ni kutoka goti langu mpaka nyusi," sauti ikasema.

"Mimi nitajuaje nyusi zako ziko wapi?"

"Njoo uzipime."

"Bwana Dirisha, mimi huwapima watu kwa ulimi. Muulize yeyote stendi."

"Nimeshauliza. Wamenionya. Wamesema unaitwa Shubiri."

"Na bado umepiga?"

"Mimi nitakuita Asali."

"Anayeniita asali hajanionja."

"Basi nionjeshe," akasema, kisha akashtuka kwa ujasiri wake mwenyewe akakata simu. Shubiri akabaki ameishika, akitabasamu peke yake katikati ya nyuzi na pini. Kama angemwona mwanamke mwingine katika hali ile, angemcheka mpaka alie.

Damu zao zilipatana upesi. Alimshonea pazia la maua madogo mekundu, naye akamlipa kwa kumpakia kibanda rangi upya, akiimba vibaya siku nzima. Walikula mahindi ya kuchoma wakiwa wamesimama, wakatembea wakisukumana mabega, wakatumiana ujumbe usio na maana yoyote isipokuwa ile moja. Kimoja tu kilimkera Shubiri: bwana huyu hakutaka aende kwake.

"Pazia nitalitundika mwenyewe," alisema.

"Unaficha nini? Mke?"

"Mke nimpate wapi?"

"Ng'ombe basi? Umefuga ng'ombe chumbani?"

"Siku moja nitakupeleka, Asali. Niache kwanza nipazoee."

Ukweli ni huu. Alikaa hatua chache kutoka alikolala Shubiri, ng'ambo ya barabara, na tangu alipogundua lile geti jeusi ni la nani alianza kutoka na kuingia kwa njia ya nyuma.

Geti jeusi lilikuwa la shangazi yake Shubiri, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu utotoni na kuhakikisha halisahau jambo hilo. Shangazi alipenda magauni ya kung'aa yaliyombana, na manukato yaliyomtangulia kufika. Alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Hadhi ya Mtaa, chombo kilichoundwa na watu wasio na kazi ili kuwachunguza wenye kazi. Hadhi yenyewe ilikuwa ya kubandika: barabara mashimo matupu, mtaro unanuka, na mjumbe mmoja alikuwa amempangisha mtu kwenye banda la mbwa wa zamani. Lakini ng'ambo ya barabara, uwanja uliokuwa makaburi ya malori mabovu ulikuwa umejengwa vijumba vya chumba kimoja kimoja kwa ajili ya watu waliokuwa wakilala nje, na hapo ndipo hadhi ilipopata homa.

Mpango ulikuwa wa mji mzima. Manispaa ilitoa kiwanja, makanisa na misikiti ikachangishana mabati, hospitali ikaahidi kutomtoa wodini mgonjwa asiye na pa kwenda kabla ya kutoa taarifa, wenye nyumba wakaombwa wapige simu kabla ya kumrushia mpangaji virago nje. Na aliyepewa kijumba hakupewa ufunguo akaachwa. Palikuwa na muuguzi anayepita, mshauri wa kuongea naye, na mtu wa kumtafutia kazi. Jambo jema kabisa, kwa hiyo wakubwa wakalipa jina baya: Makazi Saidizi Jumuishi. Siku ya uzinduzi Mheshimiwa alilikosea kila alipolitaja, na kila alipolikosea alipigiwa makofi.

Wenyewe waliokaa humo, watu waliojifunza kutopoteza pumzi, walilitupa jina hilo siku ile ile. Vijumba wakaviita nyumba ndogo, kwa kuwa ni nyumba na ni ndogo. Bweni walikotoka, lenye vitanda vya juu na chini na vikohozi hadi alfajiri, wakaliita nyumba kubwa. Walijua vizuri mjini maneno hayo yana maana gani. Ndio utani wenyewe. Upande wa pili wa barabara hakuna aliyeujua utani huo, maana hakuna aliyewahi kuzungumza nao. Shangazi aliviita vijumba vile mazizi, na Shubiri akaliokota neno hilo bila kulikagua, yeye ambaye hakununua hata kifungo bila kukigeuza mara mbili.

Basi siku moja alasiri akampigia mpenzi wake simu, ikapokewa na sauti ya kubomoa ukuta.

"Haloo! Mwenye simu hayupo!"

"Wewe nani?"

"Brashi! Fundi mwenzake. Ameisahau simu hapa kazini. Amewahi kuondoka."

"Amekwenda wapi?"

"Nyumba ndogo!"

Shubiri akadhani ni mtandao. "Amekwenda wapi?"

"Nyumba ndogo, dada! Siku hizi akimaliza kazi hana pengine. Na acha nikwambie, imemtengeneza. Amenawiri, pombe ameacha, shati pasi. Nyumba ndogo ni dawa!"

Shubiri akakaa chini polepole juu ya jora la kitambaa. "Na... nyumba kubwa je?"

"Ah, nyumba kubwa ilimshinda zamani. Kelele, ugomvi, usingizi hupati. Mimi mwenyewe najua, bado niko huko."

"Huko kwa nani?"

"Nyumba kubwa hiyo hiyo, dada. Tunabanana tu. Na mimi naomba Mungu nipate nyumba ndogo yangu, nimeshajiandikisha ofisini."

"Kuna ofisi?"

"Ipo! Na dada mmoja mpole kweli kweli. Ukitaka nitakuelekeza."

Mtu mwenye akili iliyotulia angejiuliza ni mji gani huu ambao mahawara huandikishwa ofisini. Akili ya Shubiri haikuwa imetulia. Aliona mke, aliona hawara, akajitafuta mwenyewe katika msururu ule. Kama huyo ni nyumba kubwa na huyu ni nyumba ndogo, alijiuliza, mimi ni nini, banda la kuku? Akalia machozi ya hasira, akayafuta kwa kipande cha satini cha mteja.

Jioni simu ikalia.

"Asali wangu, nilisahau simu, ndiyo kwanza nimeifuata—"

"Usiniite asali. Mpe salamu nyumba ndogo."

"Brashi amekwambia," akasema kwa sauti ya chini.

"Ameniambia yote. Mpaka nyumba kubwa."

"Nilitaka kukwambia mwenyewe. Niliogopa."

"Ungeogopa kabla hujaingia huko."

"Nilipoingia sikuwa na pengine, nielewe. Hali yangu ilikuwa mbaya."

"Wote husema hivyo hivyo."

"Kwa hiyo unanidharau."

"Ulitaka nikuvishe taji? Kama unanipenda, iache. Leo hii."

"Siwezi," akasema. "Ile ndiyo iliyoniokoa. Sitaiacha kwa ajili ya mtu yeyote. Hata wewe."

Shubiri akaitupa simu kwenye kapu la mabaki ya vitambaa. Ng'ambo ya barabara, mwanamume mmoja aliyedhani ameonewa haya kwa kulala chini ya paa lake mwenyewe alikaa kitandani akitazama ukuta.

Shangazi alipoona macho yamevimba, alimtoa habari kwa nguvu kama mtu anayetoa mwiba. Alipoisikia, hakushtuka hata kidogo.

"Ana nyumba ndogo? Basi ana uwezo," akasema, akijipaka losheni viwikoni. "Wanaume ndivyo walivyo, mwanangu. Vumilia. Marehemu mume wangu alikuwa nazo na mimi nilijitia hamnazo, tukazeeka kwa heshima."

"Mimi sitaki heshima ya namna hiyo, Shangazi."

"Ndiyo maana huolewi. Na kesho usipange kitu, kuna mkutano. Wanataka kuongeza mazizi kwenye nusu ya uwanja iliyobaki. Nataka usimame useme. Ulimi wako usioze bure mdomoni."

Ukumbi wa shule ulijaa siku hiyo. Mheshimiwa alikaa mbele, nyuma ya chupa za maji zilizopangwa kama gwaride, akasoma hotuba yenye wadau wengi na watu wachache. Kisha akasimama dada wa ofisi ya vijumba, mnene, mtulivu, mwenye viatu vya kutembelea, akaeleza kwa maneno saba kile ambacho Mheshimiwa alikisumbua nusu saa: watu wapate pa kukaa kwanza, mengine yafuate. Wajumbe wa Kamati ya Hadhi wakaguna kwa pamoja. Ndipo Shangazi akamfinya Shubiri pajani.

Shubiri aliinuka. Kifua kilikuwa kimejaa uchungu wa mtu mmoja, akautafutia watu wengine wa kuubeba.

"Mimi nauliza jambo dogo," akasema, na sauti yake ikafika mpaka kwenye mapaa. "Kila mtu ana ndugu. Hawa ndugu zao wako wapi? Mtu aliyewashinda ndugu zake wa damu, sisi majirani tutamweza? Na niwaambieni, watu wa namna hii ukiwapa mlango, kesho watauuza."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko na makofi. Shangazi akaangaza huku na huku ili kila mtu aone huyo msemaji ni wa nani. Ndipo nyuma kabisa, karibu na mlango, akasimama mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, na Shubiri akaitambua pasi ile kabla ya uso.

"Mimi naishi nyumba ndogo," mwanamume akasema.

Watu wakacheka tena, mmoja akapiga mluzi.

"Chekeni, na sisi hucheka. Ndivyo tunavyoviita vijumba vile sisi tunaokaa humo. Bweni tulikotoka tunaliita nyumba kubwa." Hakuwa msemaji, alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. "Nilianguka kutoka juu nikipaka rangi ghorofa la watu. Mgongo ukaharibika. Nikakaa kwa kaka yangu bila kazi, nikaanza kunywa, sitaficha. Siku moja nikarudi nikakuta kumefungwa. Taa inawaka ndani, nasikia vijiko, wanakula. Nikagonga, vijiko vikanyamaza. Hawakufungua. Nikalala barazani kwenye maduka, na baada ya hapo miaka ikapita tu." Akakiachia kiti. "Dada ameuliza ndugu zetu wako wapi. Wako ndani. Wamefunga mlango. Na mlango wangu mimi sijauuza."

Akaketi. Hakumtazama Shubiri hata kwa bahati mbaya. Mheshimiwa, ambaye hakuwa amesikiliza, alipiga makofi peke yake.

Tusimsafishe Shubiri kupita kiasi. Kilichomjia kwanza kilikuwa furaha: hakuna mwanamke! Cha pili kilikuwa aibu, ikampanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Na cha tatu kilikuwa dharau ile ile ya zamani: mikono iliyomshika, ililala barazani kwenye maduka? Alijisikia akiwaza hivyo, akajichukia, na bado aliwaza.

"Unamjua yule?" Shangazi akamnong'oneza.

"Ndiye yule, Shangazi. Wa nyumba ndogo."

Shangazi alichukua muda kuelewa. Alipoelewa, uso wake ukasinyaa kama aliyeng'ata limau. "Heri angekuwa na hawara," akasema. "Hawara ningekusaidia kumficha. Hili nitalificha wapi?"

Neno hilo ndilo lililomzindua. Ulimi aliusikia ni wa shangazi, lakini makali yake aliyafahamu. Ndiyo aliyokuwa ameyatumia mbele za watu muda mfupi uliopita. Wakatembea mpaka getini, jua likiwa bado juu na mtaa mzima ukirudi kutoka mkutanoni kwa makundi ya umbeya. Getini Shubiri akasimama.

"Unangoja nini? Ingia."

"Naenda kuzungumza naye."

"Sikiliza nikuambie," Shangazi akasema, na safari hii hakupandisha sauti. "Ukivuka barabara hii kwenda kwa yule, usirudi kwangu."

Shubiri alimtazama mwanamke aliyemfundisha kusuka nywele na kudharau watu. Alimpenda, ndiyo taabu yenyewe. Akavuka.

Dada wa ofisini alimwonyesha kijumba kwa kidole bila kumuuliza jina. Jina lilikuwa limeshafika. Pazia la maua mekundu lilikuwa limetundikwa juu chini, maua yote yakiangalia sakafu, na hata katika hali ile moyo wake wa ufundi ukaumia. Akagonga. Mwenye mlango akafungua nusu.

"Nilidhani una mwanamke," Shubiri akasema yote kwa mkupuo.

"Mwanamke gani?"

"Nyumba ndogo! Brashi aliposema uko nyumba ndogo, nilidhani ni hawara. Na nyumba kubwa mkeo."

Akamkodolea macho. "Na jana ukisema niiache..."

"Nilisema umwache mwanamke."

"Mimi nilisema ndiyo iliyoniokoa!"

"Ndiyo maana nilitupa simu!"

Kicheko kikamshika yule bwana, akaegemea mlango, akashika mgongo wake mbovu. Shubiri naye akaanza kucheka. Kisha mwanamume akaacha, na yeye akabaki anacheka peke yake kidogo kabla ya kunyamaza.

"Lakini ukumbini," mwanamume akasema, "hukuwa unasema habari za mwanamke."

"Hapana."

"Ulikuwa unatusema sisi."

"Ndiyo."

"Ulimaanisha?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu. "Nilimaanisha," Shubiri akasema. "Kila neno. Sikuwa nimewahi kuongea na hata mmoja wenu."

"Uliongea na mimi kila siku."

Shubiri akakubali kwa kichwa.

"Mimi nimekusamehe," mwanamume akasema. "Nakupenda, nitafanyaje? Nimejaribu kukasirika tangu mkutanoni, hasira haikai. Lakini sikutukanwa peke yangu." Akaangalia safu ya milango iliyo kushoto na kulia.

Shubiri akaenda mlango wa jirani akagonga. Akafungua mama wa makamo, kifua kipana, ana mwiko mkononi.

"Wewe ndiye uliyesema tutauza milango? Haya, huu hapa. Nunua."

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Kwa sauti hiyo?"

"Sauti gani?"

"Hiyo ya panya. Kule ukumbini hukunong'ona, mwanangu. Mpaka wapita njia walikusikia. Radhi itoke kwa sauti ile ile, au rudi nayo kwenu."

Shubiri akageuka. Milango ilikuwa imefunguka, watu wamesimama vizingitini wakimtazama. Ng'ambo ya barabara Kamati ya Hadhi ilikuwa imejikusanya mbele ya geti jeusi, Shangazi katikati kwa gauni lake la kung'aa, wote wakijifanya wanaongea. Alijua kabisa kila neno litavuka barabara. Akajaza kifua pumzi.

"Nimekosa!" akapaza sauti. "Nilisema mtauza milango, na simjui hata mmoja wenu! Niliwatukana kwa sababu nilikuwa naumia, na kwa sababu nilizoea! Nisameheni!"

Kule ng'ambo maongezi yakakatika. Shangazi alimtazama kwa kitambo, akawapita wajumbe wake bila kuwaaga, akaingia. Komeo la geti lilisikika hadi uwanjani.

Hapa hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja alifunga mlango wake taratibu, akakataa radhi, na ilikuwa haki yake. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mama wa mwiko akasema, "Afadhali," akarudi jikoni, ila mlango akauacha wazi ili asipitwe.

Dada wa ofisini akamsogelea. "Nitakwenda kuongea na shangazi yako," akasema. "Watu wanafikiri kazi yetu ni kuwatoa watu barabarani. Kazi ya kwanza ni kuzuia wasifike nje."

"Yule? Ongea na ukuta, utakujibu mapema."

"Kuta nimezizoea," dada akasema, akavuka barabara na viatu vyake vya kutembelea.

Wakabaki wawili kizingitini. "Kulala hapa huwezi," mwanamume akasema kwa huzuni. "Kijumba ni cha mtu mmoja, ndiyo sheria."

"Nani amekwambia nimekuja kulala? Nina kibanda changu, nina majora ya kutandika. Kesho nitatafuta chumba."

"Tafuta kikubwa."

"Cha nini? Mimi ni mwembamba."

"Cha kuweka viatu vyangu. Na makopo ya rangi. Na mimi."

Shubiri akakunja mikono kifuani. "Huko ndiko kuchumbia?"

"Sijui, sijawahi. Usinicheke." Akaangalia chumba chake kidogo, kitanda kilichotandikwa, kikombe kimoja juu ya meza. "Ila si kesho, Asali. Nipe muda. Bado nikiamka hushtuka kuona dari. Nataka nikihama hapa nihame kwa miguu yangu, si kwa kukimbia wala kufukuzwa. Siku hiyo nitampisha Brashi aingie, nije kwako. Utaningoja?"

Shubiri akafungua mdomo. Ulimi uliokuwa na jibu kwa mtaa mzima ukakwama, macho yakajaa, na neno likatoka dogo mno.

"Amesema nini?" mama wa mwiko akauliza kutoka jikoni. "Wewe msichana! Ndiyo au hapana? Mbona unatunong'oneza tena?"

Vizingitini watu wakanyoosha shingo. Shubiri akajifuta machozi kwa mgongo wa mkono, akacheka, kisha akasema ndiyo kwa sauti iliyovuka barabara, ikapita juu ya geti jeusi, na nyuma ya dirisha la shangazi yake pazia likatikisika.